Siagi Niliyopaka Kibao Chako

Rafiki yangu,

Sikuandika jina lako hapo juu. Kwetu jina la aliyekwenda halitajwi ovyo. Mama anasema ukimwita mtu kama huyo kwa jina lake, atageuka huko njiani aangalie nyuma, na safari yake itaharibika. Mwalimu naye anasema hayo ni mambo ya giza, sisi tumebatizwa. Mimi niko katikati yao na mdomo wangu umefungwa, kama unavyonijua. Basi nimeacha nafasi ya jina, ikae wazi kwanza.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hicho ndicho kilikuwa nyumba yetu. Kikipsigis ulijua maneno matatu tu, yote ya kuomba maziwa. Mimi Kijaluo nilijua kumsalimu mama yako na kukimbia kabla hajanijibu. Kiingereza tulikiacha darasani, kinakaa huko na chaki. Kiswahili hakikuwa cha mama yako wala cha mama yangu. Tulikiokota njiani, wewe ukikosa hapa na mimi nikikosa pale, tukachekana. Leo nataka kukwambia juu ya neno moja nililokosa, na hili hutalicheka.

Mvua ya mawe imenyesha saa tisa. Imekatika sasa hivi, na huku nje majani ya chai yamelala chini yamepasukapasuka. Wenzangu wametumwa kufagia njia ya kanisani. Mwalimu ameniacha darasani, anadhani namalizia insha.

Unaujua mlio wake juu ya mabati. Wewe mwenyewe ulisema hao ni watoto elfu wanacheza mpira wa meza na hakuna hata mmoja anayejua kuhesabu. Sasa kila mchana wakianza naacha ninalofanya, nasikiliza. Kati yao yuko mmoja anayepiga vizuri. Tak, kimya, tak. Katika fujo yote ile namsikia huyo mmoja.

Kabla yako sikuwa na mtu wa kuongea naye. Nilikuwa natoka ng'ambo ya mto, upande wa Sigowet, nafika shuleni miguu imelowa umande, nakaa nyuma, nikiulizwa swali natazama vidole. Wewe ulikuwa binti wa fundi wa masanduku ya chai, umekulia kambini kwa wafanyakazi wa chai, hukuogopa hata wale wazungu wa kiwandani. Ulinijia ukaniuliza, "Wewe jina lako nani?" Nikasema Chebet. Ukataka maana yake, nikasema ni msichana aliyezaliwa mchana. Ulicheka mpaka ukaegemea ukuta. "Basi mimi ni usiku wako," ulisema, maana jina lako nalo lilisema hivyo kwa Kijaluo.

Wewe ilikushinda sh. Ulikuwa unasema sule, sati, "sika kibao vizuri." Mimi g na k zilikuwa kitu kimoja, gari ikawa kari. Ukasema sikio langu limejengwa bila mlango, maneno yanaingia yakiwa yamevaa nguo za wenzao. Nilikuwa nalipenda sana tusi hilo. Silipendi tena.

Unakumbuka meza? Baba yako aliiunga kwa zile mbao nyembamba za masanduku ya chai, zilizokataliwa kiwandani kwa kupinda. Aliiweka katika stoo ya zamani iliyogeuzwa jumba la mchezo. Upande mmoja palikuwa na mahali pa unyonge ambapo mpira ukianguka hauruki, unakaa tu kama kuku anayeatamia. Wewe ulipajua, ukawa unapiga pale kwa makusudi halafu unaangalia juu kama mtu anayesali. Mwalimu alitufundisha kuhesabu kwa Kiingereza, sifuri tuiite lavu. Uliuliza, si lavu ni upendo? Akasema ndiyo. Ukasema upendo utakuwaje sifuri, sisi tutasema bure. Tangu siku hiyo mchezo wetu ulianza kwa "bure kwa bure," na kila mara uliniambia, "Anza wewe." Ulijua kwamba nikisubiri kuambiwa mara ya pili nitaondoka.

Vibao vya kupigia vilikuwa vya yule karani mzungu aliyerudi kwao. Kimoja kilikuwa mbao tupu, ndicho changu. Chako baba yako alikivisha mpira pande zote mbili, ule wenye vipele vidogo vilivyopangwa mstari kwa mstari, kama mashamba ya chai ukiyatazama kutoka juu ya kilima. Kipande cha tatu alikiweka akiba kwenye sanduku lake la vyombo. Duka la Mhindi pale Kericho halikuwa na mpira kama huo, unatoka Ulaya kwa meli. Ndiyo sababu mlikuwa mnautunza kama mgonjwa. Baba yako alisema mpira ni kama chai, adui zake ni jua, joto na hewa, basi ulale mahali chai inapolala. Akakutengenezea kisanduku kidogo, ndani amebandika ile karatasi ya kung'aa ya masanduku ya chai. Kila Jumamosi baada ya mchezo ulikuwa unageuka ukanipa mgongo, unafanya kazi yako pale dirishani upande wa kivuli, halafu unageuka tena na kibao kinang'aa, vipele vyote vimeamka. Nilipouliza unafanya nini, ulisema ni siri ya mwenye kibao, siku nikijua nitaanza kukushinda. Ukakifunika kwa kitambaa, ukakilaza, ukafunga. Kisanduku kilikuwa na harufu ya majani makavu. Na wewe mikono yako ilikuwa na harufu hiyo.

Ningejua siri hiyo, nisingekuwa naandika haya.

Sitaki kuandika juu ya kichomi chako. Nitaandika ile siku moja tu, kwa sababu lazima.

Mama yako alikuwa amekwenda nyumbani, huko ziwani, kupalilia mtama. Baba yako alitoka mbio kumtafuta mtu wa dawa. Alinikuta mlangoni na maziwa yako, akasema, "Nyara, kaa naye, narudi." Kwa Kijaluo aliniita binti yangu. Nikakaa. Ulikuwa unapumua kama mtu anayepanda mlima na mzigo wa kuni. Halafu mawe yakaanza kuanguka juu ya bati, mazito kuliko siku zote. Uliinua mkono ukaonyesha kisanduku. Ukasema, "Kibao sika wewe." Niliinama. Midomo yako ilikuwa imekauka. Ukasema tena kitu, nikaweka sikio langu karibu kabisa, hili lisilo na mlango.

Nilisikia "mafuta."

Nikasema ndiyo. Ukafumba macho kama mtu aliyemaliza kazi. Baba yako aliporudi nilikuwa bado nimeinama, nasubiri useme lingine.

Tulikuzika nyuma ya kanisa, penye udongo mwekundu. Mama yako alifika siku ya nne, miguu imevimba, akakuta udongo umeshaanza kukauka. Hakulia mbele yetu. Alikuja moja kwa moja kwangu, akanishika mikono yote miwili, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Aliniita?"

Aliuliza hilo tu.

Nami nilisema, "Alisema juu ya kibao, mama."

Alitikisa kichwa kana kwamba nimemwambia bei ya chumvi. Akaniachia mikono. Siku chache baadaye alirudi ziwani, akasema hawezi kusikia nyundo ya masanduku, inampiga yeye.

Baba yako alinipa kisanduku. Alisema, "Alikuachia, ni chako. Lakini mama yake akirudi tutamwonyesha. Mkono wa mtoto wake umekaa hapo." Na ilikuwa kweli. Nyuma ya kibao, pale kidole chako cha shahada kilipokuwa kinalala, vipele vilikuwa vimelainika kwa kusuguliwa, pakabaki kidimbwi kidogo cha ukubwa wa punje ya hindi. Nilikuwa naweka kidole changu hapo. Kilikuwa kikubwa kidogo kuliko mahali pako. Niliona haya, kama nimevaa nguo yako bila ruhusa.

Sasa ndio nafika.

Kwetu kitu chochote unachokipenda unakipaka siagi. Mama anapaka vibuyu vya maziwa nje mpaka vinakuwa vyekundu kama ndama. Nyanya alikuwa anapaka ngozi na kamba za mifugo, na kamba ya nyanya ilimshinda umri. Kwa hiyo sikushangaa. Niliona ndiyo siri yako hiyo, ndiyo maana kibao kilikuwa kinang'aa. Jumamosi ya kwanza nilichota siagi kidogo kwa Mama, nikakaa nyuma ya ghala, nikapaka pande zote mbili, mstari kwa mstari. Kiling'aa kuliko ulivyokuwa ukikifanya wewe. Nilifurahi. Nilikuonyesha. Nilikiinua hewani nikakuonyesha, kama mjinga.

Jumamosi ya nne vipele vilikuwa vimenenepa. Nilidhani vimeshiba. Baada ya hapo vilianza kulainika, ukigusa vinalala na haviamki. Mwezi uliofuata mpira ulikuwa unanata kwenye kitambaa, na harufu ya chai ikaondoka, ikaja harufu nyingine ambayo sitaki kuiandika. Na mimi, unajua nilifanya nini? Nilizidisha siagi. Niliona unanidai, kwamba sijakupa ya kutosha. Siku moja nilitafuta kile kidimbwi cha kidole chako, hakikuwapo. Kilikuwa kimevimba kikajaa, kama jeraha linavyojaa. Nilipobonyeza palibaki alama ya kidole changu mimi, mistari yote, wazi kabisa. Yako ilikuwa imeondoka.

Hapo ndipo ulipoanza kunifuata. Sisemi kwa kukulaumu. Nilikuwa nikipita karibu na jumba la mchezo, nasikia tak, kimya, tak, nikichungulia hakuna mtu, meza imefunikwa gunia. Nikiosha mikono, siagi haitoki. Nikila ugali, vidole vyangu naviona vina vipele. Baba yako akikutana nami njiani anauliza, "Kibao kiko sawa?" na mimi, mtoto wa kanisa, nasema, "Kiko sawa, Fundi." Mwaka mzima. Alikuwa ananiamini mpaka ananipa sukari guru.

Wiki iliyopita mama yako alirudi kusafisha kaburi. Baba yako akanitumia neno nilete kibao.

Nilikwenda. Nilitaka kukitupa mtoni nilipokuwa navuka, nilisimama pale kwenye magogo mpaka mtu mmoja mwenye ng'ombe akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema ndiyo, nikavuka. Baba yako alikuwa karakanani, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Mama yako alikuwa amekaa juu ya sanduku lililopinduliwa. Nilifungua kisanduku. Ile karatasi ya kung'aa ilikuwa imeng'ang'ania mpira, ikachanika.

Baba yako alikinusa kwanza. Akauliza polepole, "Nani alikwambia upake mafuta?"

Nikasema, "Yeye."

"Hapana. Huyu alijua tangu yuko mdogo hivi. Mafuta ni sumu ya mpira. Nilimchapa siku moja kwa kushika mpira na mkono wa samaki."

Nikasema tena, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, kwamba ulisema hivyo ukiwa kitandani, sikio langu likiwa mdomoni mwako. Ulisema kibao nishike mimi, halafu mafuta. Baba yako alikaa chini. Alikitazama kibao, akacheka kidogo, kicheko kibaya, akafuta macho kwa mkono wenye vumbi.

"Futa," akasema. "Alikwambia futa. Kitambaa na maji kidogo, unafuta, basi. Kazi yake yote ya Jumamosi ilikuwa hiyo. Futa."

Rafiki yangu, kuna jambo ambalo sikuliungama kwa mwalimu wala kwa Mama, nalo ndilo limenifanya nikuandikie. Nilijua. Sikujua neno, lakini nilijua kuna mwanya. Ile siku uliposema, kati ya kipande cha kwanza na cha pili palikuwa na pumzi. Mawe yalikuwa yanapiga lakini pumzi hiyo niliisikia. Niliiziba mwenyewe, nikaunganisha, kwa sababu nilitaka neno lako la mwisho liwe moja, na liwe langu mimi. Sikutaka kugawana. Nilikuwa nawe wewe tu.

Kwa hiyo nilimwambia baba yako, "Futa nimekubali. Lakini ma ilikuwapo. Alisema ma, akapumua, ndipo akasema futa. Ma sikuitunga."

Mama yako alikuwa hafuati maneno yetu. Hilo alilifuata. Aliinua kichwa. "Ma?" aliuliza.

Wewe hukuwahi kumwita vingine. Hata akiwa kule mtoni na sisi tuko huku juu, "Ma," kisha ndipo jambo lenyewe. Ma, njaa. Ma, Chebet amekuja. Nilikusikia mara mia ukimwita hivyo, na siku ile moja nikashindwa kukutambua.

Nikamwambia, "Alikuita, mama. Nilikudanganya. Sikuwa najua kama nakudanganya, lakini nilikudanganya." Nikasema pia kwamba mawe yalikuwa yanapiga sana, siwezi kuapa. Hakunitaka niape. Alisema kitu kwa Kijaluo, kifupi, hakuelekeza kwangu wala kwa baba yako. Akafunika uso kwa kitambaa cha kichwa na mabega yake yakaanza kwenda. Mwaka mzima alikuwa anasubiri kulia.

Mama yako alichukua ma. Baba yako alichukua futa. Mimi nikabaki na mafuta.

Baba yako hakunipiga. Alileta kisu chembamba akaanza kuubandua ule mpira, unatoka kama ngozi ya maziwa. Chini yake mbao ilikuwa imekunywa siagi yangu, imekuwa nyeusi, na katikati ya weusi palikuwa na maandishi ya penseli ya fundi, herufi kubwa, aliyoyaandika kabla ya kugandisha. Alikuwa ameyasahau mwenyewe. Mama yako hajui kusoma. Alinisogezea kibao akaniambia, "Soma."

Nilimfikiria mama yangu. Nilikufikiria wewe huko njiani, ukigeuka. Nikasoma. Nilisoma kwa sauti, mara moja, na mama yako akasema, "Tena," nikasoma tena, mpaka jina likawa halina uzito tena mdomoni, likawa kama lilivyokuwa nilipokuwa nakuita uharakishe, kengele imelia.

Kama uligeuka, samahani. Kama ulituona watatu pale kwenye vumbi la mbao, basi umejua kila kitu na barua hii ni ya bure.

Kile kipande cha tatu cha mpira kilikuwa bado kwenye karatasi yake, laini kama siku kilipotoka kwenye meli. Baba yako amekigandisha upande mmoja. Upande wa pili ameuacha mbao tupu na jina lako. Mama yako aliushika mpini mchana kutwa, asubuhi yake akanirudishia, akasema kikae na watoto wanaocheza, yeye ameshapata chake.

Nakuahidi hivi. Kila Jumamosi nitafuta, kwa kitambaa na maji kidogo, kivulini, mikono imeoshwa, na sitampa mtu mgongo. Msichana yeyote atakayetaka kuona nitamwonyesha, na nitasema neno hilo kwa sauti, lote, ili lisiingie kwake likiwa limevaa nguo ya lingine. Mama yako akija nitakwenda kumsalimu, na sitakimbia kabla hajanijibu.

Wenzangu wanarudi na mafagio, nasikia wakicheka. Kule juu ya kilima mawingu yameshaanza kuwa meusi tena. Nitachukua kibao niende jumbani nikatoe lile gunia juu ya meza. Ukipiga, piga polepole kwanza. Mkono wangu umekaa mwaka bila kucheza.

Kwaheri sasa. Ile nafasi niliyoiacha hapo juu nimeona haina haja tena.

Bure kwa bure, Atieno. Anza wewe.

Chebet